Kadi za VQ4 na Historia Iliyoanzishwa Katikati

Masimulizi ya teknolojia nchini Kenya huanzisha historia ya raia kupashana habari za maafa Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimezuka, serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na Ory Okolloh na wenzake wakaunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni ya kukusanya taarifa za mashuhuda. Kazi hiyo inastahili sifa zake zote. Kuiita mwanzo, hata hivyo, ni kosa, na sehemu ya ushahidi imelala Vienna.

Huko, hifadhi ya Dokumentationsarchiv Funk inatunza mamilioni ya kadi za QSL, ambazo wanaredio wa ridhaa hutumiana kwa posta kuthibitisha kwamba walisikilizana. Kadi hubeba alama ya mtumaji, tarehe, saa, masafa na jinsi sauti ilivyofika. Alama iliyoanza na VQ4 ilitoka Kenya ya kikoloni. VQ3 ilikuwa Tanganyika, VQ5 Uganda, VQ1 Zanzibar. Baada ya uhuru Kenya ikapewa 5Z4. Wanahistoria wetu wamewaachia wakusanyaji hazina hii.

Wapo wanaosema VQ4 ulikuwa mchezo wa walowezi. Hoja hiyo ina uzito: leseni hazikugawanywa kwa haki zaidi kuliko ardhi ilivyogawanywa. Lakini ufundi haukufungwa kwa waliouanza, na hapa ndipo Bonde la Ufa lenyewe linapoingia.

Simama Nakuru mjini. Kaskazini Menengai, magharibi ukuta wa Mau, mashariki Nyandarua. Redio koli ya VHF hupeleka sauti karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima ukikaa katikati, sauti hukatika. Mawimbi mafupi yana njia nyingine. Waya wa mita 20, ukifungwa chini chini baina ya miti miwili na kulishwa masafa ya megahezi 7, huyarusha mawimbi karibu wima. Ayonosfia, tabaka la juu la angahewa, huyarudisha, yakashuka Molo, Naivasha na Nyahururu kwa pamoja, kana kwamba kuta hazipo. Nguvu inayohitajika hutoka kwenye betri ya gari. Hakuna mlingoti wa kuanguka, hakuna kampuni ya kuomba ruhusa.

Madaktari wa ndege walilielewa hilo. Shirika lililokuja kuitwa AMREF lilianzishwa 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na mtandao wake wa mawimbi mafupi ukaunganisha hospitali za misheni na Nairobi. Muuguzi alieleza hali ya mgonjwa redioni, daktari akashauri, na ikibidi ndege ikaondoka uwanja wa Wilson. Hao hawakuwa wa ridhaa kwa leseni, ila nidhamu ni ileile: saa maalumu, zamu ya kusema, ujumbe mfupi unaorudiwa ili kuhakikishwa.

Ng'ambo, wa ridhaa wenyewe walikuwa wakijipanga. Kimbunga Betsy cha 1965 kilizaa mtandao wa Hurricane Watch Net huko Marekani, ambao wanachama wake bado huketi redioni kila kimbunga kinapokaribia nchi kavu. Katika bahari yetu, tsunami ya 26 Desemba 2004 ilimkuta Bharathi Prasad wa India akiwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na redio yake ya ridhaa. Aliacha kutafuta marafiki wa mbali, akaanza kupitisha habari za waliopotea na waliopatikana.

Simu ya mkononi ilipoenea, wengi waliamua kwamba redio imepitwa na wakati. Uamuzi huo haukufikiriwa. Mnara wa simu unahitaji umeme, na unahitaji kiungo na minara mingine. Maji hayahitaji kuuangusha ili kuunyamazisha.

Kaunti ya Nakuru inajua maji. Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, mafuriko yaliteremka kutoka Kijabe na kukifuta kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikasema maji yalikuwa yamezuiwa chini ya tuta la reli. Katika bonde hilohilo kuna kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichoanza kazi 1970, cha kuzungumza na mabara mengine. Lakini kijiji kilichokuwa kwenye njia ya maji kilihitaji kuzungumza na kijiji kilichokuwa juu yake.

Ili ujuzi wa kuzungumza hivyo usipotee, nakala za kadi za VQ4 na 5Z4 zinapaswa kuletwa katika kituo cha kumbukumbu cha Nakuru, waliotumia redio hizo wakiwa bado wanaweza kueleza nani alimwita nani.