Mtoto mdogo akikakamaa, kutetemeka au kuzimia ghafla: unachopaswa kujua na kufanya

Mtoto wako ana mwaka mmoja au miwili. Anacheza vizuri, kisha ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inarukaruka. Au anakodoa macho bila kukusikia. Au analia mpaka pumzi inakata na midomo inakuwa ya bluu. Baada ya dakika chache yote yamekwisha na mtoto amelala, au ameamka kama vile hakuna kilichotokea.

Wazazi wengi katika makazi ya wakimbizi na katika vijiji vya wenyeji vya Arua, Terego, Madi-Okollo na Koboko wanaijua hofu hii. Shida kubwa ni kwamba ukifika kituo cha afya, tukio limeshapita. Mhudumu anamwona mtoto aliyetulia. Kwa hiyo maelezo yako wewe uliyekuwepo ni sehemu muhimu sana ya uchunguzi.

Makala hii inaeleza la kufanya wakati tukio linaendelea, wakati wa kukimbilia kituo, mambo ya kumweleza mhudumu, na sababu zinazoonekana mara nyingi kwa watoto wadogo.

Nifanye nini wakati mtoto anatetemeka?

- Mlaze chini, mahali tambarare, mbali na moto, maji na vitu vyenye ncha.
- Mgeuze alale kwa ubavu ili mate au matapishi yatoke nje yasimkabe.
- Legeza nguo shingoni. Kama ana joto kali, mvue nguo nzito na blanketi.
- Tazama saa au simu, ukumbuke muda tukio lilipoanza. Dakika moja ukiwa na hofu huonekana kama kumi.
- Kaa naye mpaka aamke kabisa. Baada ya kutetemeka watoto wengi husinzia. Endelea kumlaza kwa ubavu na kuangalia kama anapumua vizuri.

Nisifanye nini?

- Usimwekee kitu chochote mdomoni: kijiko, kitambaa wala kidole. Mtoto hamezi ulimi wake, lakini kijiko kinaweza kumvunja meno au kumziba pumzi.
- Usimpe maji, maziwa, dawa ya kunywa au mafuta mpaka aamke na aweze kumeza.
- Usimshike kwa nguvu kuzuia kutetemeka.
- Usimmwagie maji baridi wala usimwingize kwenye beseni la maji.
- Usimsogeze karibu na moto, usimfukize moshi, usimpake wala kumnusisha mafuta ya taa.

Niende kituo cha afya lini?

Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyetetemeka na kupoteza fahamu akiwa mgonjwa ana dalili ya hatari. Hata kama ameamka, mpeleke siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho, hata kama ni mara ya kwanza na imepita haraka.

Nenda mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- kutetemeka kunazidi dakika 5, au kunarudi tena kabla hajaamka vizuri;
- mtoto haamki, au amelegea na hakutambui;
- hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu;
- ana homa na shingo imekaza, au utosi wa mtoto mchanga umevimba;
- anapumua kwa shida, au viganja na midomo vimepauka sana;
- aliangukia kichwa, au huenda alikunywa dawa ya kuua wadudu, mafuta ya taa au vidonge vya mtu mwingine;
- ana umri wa chini ya miezi 6.

Ukipanda bodaboda, mpakate mbele yako ambapo unaona uso wake. Usimfunge mgongoni. Kama kuna VHT karibu, mtume mtu amwite wakati wewe unajiandaa. Baadhi ya VHT wana dawa ya malaria ya artesunate inayowekwa kwenye njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za hatari. Dawa hiyo husaidia kununua muda njiani, lakini si tiba kamili. Mtoto akipewa, bado lazima afike kituoni.

Nimweleze nini mhudumu wa afya?

Mhudumu atapima joto, damu kwa malaria na, inapowezekana, sukari. Hakuna kipimo cha kituoni kitakachomwonyesha tukio lenyewe. Jaribu kukumbuka:

1. Kabla ya tukio alikuwa anafanya nini? Alikuwa amelala, analia, anakula, au ana homa?
2. Lilianzaje? Mwili mzima, au mkono au mguu mmoja?
3. Macho yalikuwa wazi au yamefungwa? Yalielekea wapi?
4. Alikakamaa, alirukaruka, au alilegea?
5. Rangi ya midomo ilibadilika? Alijikojolea?
6. Lilichukua muda gani?
7. Baadaye alilala, au aliamka papo hapo akaendelea kucheza?
8. Limewahi kutokea? Mara ngapi? Kuna mtu mwingine katika familia anayepata haya?

Maelezo mazuri yanaweza kuwa mafupi hivi: "Alikuwa na homa tangu jana jioni. Leo asubuhi alikakamaa mwili mzima, macho yakaenda juu, kisha mikono na miguu ikaruka. Ilichukua kama dakika mbili. Alijikojolea, akalala nusu saa. Ni mara ya kwanza." Maneno hayo yanamsaidia mhudumu kuliko kusema tu "mtoto alianguka."

Kama kuna mtu wa pili nyumbani na simu inayopiga video, mwambie arekodi wakati wewe unamhudumia mtoto. Video ya nusu dakika inaweza kuonyesha kile ambacho maneno hayawezi. Kama hamsikilizani lugha na mhudumu, omba mkalimani. Aliyeona tukio ndiye aende na mtoto, hata kama ni bibi au dada yake mkubwa.

Inaweza kuwa nini?

*Degedege la homa.* Hutokea kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, joto la mwili linapopanda. Kwa kawaida halizidi dakika 5. Linaogopesha sana kulitazama, lakini watoto wengi hukua vizuri bila madhara na bila kupata kifafa. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hulipata tena akipata homa nyingine. Dawa ya kushusha homa humpunguzia mtoto maumivu, ila haizuii degedege. La muhimu ni kutafuta kilicholeta homa hiyo.

*Malaria kali.* West Nile ni eneo lenye malaria nyingi, kwa hiyo mtoto mwenye homa aliyetetemeka lazima apimwe malaria. Malaria ikifika kwenye ubongo, au sukari ya damu ikishuka, mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi. Kwa macho huwezi kutofautisha degedege la kawaida na malaria ya ubongo. Ndiyo maana hatusubiri nyumbani.

*Homa ya uti wa mgongo.* Homa, shingo kukaza, kulia sana akiguswa, kusinzia. Inahitaji dawa ya sindano haraka.

*Kuzuia pumzi wakati wa kulia.* Mtoto anaumia au anakasirika, analia, kisha sauti inakata. Midomo inakuwa ya bluu au uso unapauka, analegea, pengine anaruka kidogo, kisha anapumua na kuamka. Dalili kubwa ni kwamba kila mara huanza na kilio, maumivu au mshtuko. Hakufanyi makusudi, wala si ukaidi wa kuadhibiwa. Wengi huacha kabla ya kufika miaka 6. Upungufu wa damu huongeza tatizo hili, na dawa ya madini ya chuma inaweza kusaidia, kwa hiyo mpeleke apimwe damu.

*Mishtuko ya kujikunja kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.* Mtoto anajikunja mbele ghafla na kurusha mikono, kisha anarudia mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Wengi hudhani ni tumbo. Kama mtoto ameacha pia kucheka au kukaa kama alivyokuwa anaweza, omba rufaa haraka. Kila wiki inayopita bila tiba inaweza kumrudisha nyuma.

*Kifafa.* Matukio yanayorudi bila homa, angalau mara mbili kwa siku tofauti. Si lazima mtoto aanguke. Wengine hukodoa macho sekunde chache, wengine hurukwa na mkono mmoja tu.

Je, ni ndege, pepo au uchawi?

Katika mwambao wa Tanzania na Kenya neno degedege limehusishwa tangu zamani na dege, ndege mkubwa anayesemekana kumpitia mtoto. Baadhi ya wazazi kutoka Kongo nao huuita ugonjwa wa ndege. Watu walioona mtoto akirusha mikono kama mabawa walitafuta maelezo, na wazee wanaoshauri dawa za kienyeji wanampenda mtoto kama unavyompenda wewe.

Lakini kuna imani moja inayoua: kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hii ilipata nguvu kwa sababu watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wameshachelewa, na sindano ikawa jambo la mwisho ambalo familia ililiona. Ukweli ni kinyume. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa maisha ya watoto wenye malaria kali zaidi ya ile ya kwinini iliyotumika zamani.

Kama familia inataka maombi, ombeni mkiwa njiani. Anayeheshimiwa nyumbani, awe shangazi, mchungaji au shehe, anaweza kuwasindikiza hadi kituoni.

Wakisema ni kifafa, mtoto wangu ataishije?

Kifafa hakiambukizi. Mate, povu au mkojo wa mtoto haviwezi kukupa kifafa, kwa hiyo usiogope kumgusa. Asile peke yake wala kulala peke yake kwa sababu hiyo, na akifikia umri wa shule aende shule.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila matukio wakipata utambuzi na dawa sahihi. Dawa hunywewa kila siku, hata siku ambazo mtoto ni mzima. Usiache ghafla, kwa sababu matukio yanaweza kurudi kwa nguvu. Rudi kituoni kabla dawa haijaisha, na kama haipo uliza inapatikana wapi karibu.

Nchini Uganda kifafa mara nyingi hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Wazazi wengine wakitumwa huko hukasirika na kurudi nyumbani. Usirudi. Haina maana kwamba mtoto ni kichaa. Wahudumu wa kliniki hiyo ndio wanaozijua dawa za kifafa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo hicho.

Nyumbani, hatari kubwa ni moto na maji. Inua au zungushia mafiga, funika mapipa na ndoo, na usimwache mtoto peke yake mtoni au kisimani.

Vipi kuhusu ugonjwa wa kutikisa kichwa?

Familia kutoka Mundri na Maridi, Sudan Kusini, zinaujua, na nchini Uganda umeonekana hasa Kitgum, Pader na Lamwo. Tanzania ulielezwa Mahenge tangu miaka ya 1960, na huko walisema mtoto "amesinzia kichwa." Kichwa huanguka mbele mara kwa mara, hasa mtoto anapokula. Kwa kawaida huanza kuanzia miaka 3 na kuendelea. Umehusishwa na minyoo ya upofu wa mtoni, inayoenezwa na nzi wadogo wanaouma kando ya mito iendayo kasi. Meza dawa ya ivermectin inapogawiwa kwenye jamii, na mpeleke kituoni mtoto mwenye dalili hizi, kwani dawa za kifafa hupunguza matukio.

Naweza kuzuia nini?

- Mtoto alale kwenye chandarua chenye dawa kila usiku.
- Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24.
- Mpe chanjo zote. Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto, katika umri wa miezi 6, 7, 8 na 18. Uliza kituo chako.
- Mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungulie kituoni. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo ya kifafa.

Niende wapi, na nibebe nini?

Mkimbizi na mwenyeji hutumia vituo vile vile vya serikali, na huduma ni bure. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inahitajika, watatoa rufaa kwenda hospitali, kama ile ya Koboko au Arua. Uliza kuhusu gari la wagonjwa. Beba kadi ya chanjo ya mtoto, cheti chako cha ukimbizi kama unacho, na dawa zote alizopewa, hata za kienyeji. Kukosa karatasi kusikuzuie kwenda.

Kwa maswali ya afya, piga bure Wizara ya Afya: 0800 100 066. Mkimbizi mwenye malalamiko kuhusu huduma anaweza kupiga bure 0800 32 32 32. Lakini mtoto akiwa anatetemeka sasa, usianze na simu. Mlaze kwa ubavu, tazama saa, kisha mpeleke kituoni.