Katabi Alikuwa Mwindaji

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina jina la mwindaji. Yaani eneo ambalo leo ukikutwa na upinde na mishale utaishia mahakamani, linaitwa kwa jina la mtu aliyesifika kwa kuwinda. Wabende wanasimulia kwamba Katabi alikuwa mwindaji hodari, na kwamba roho yake bado inakaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Wanaotaka baraka zake huacha sadaka chini ya mti huo.

Ninaanza na jina kwa sababu watangazaji wa utalii wana maneno yao kuhusu Katavi: pori lisiloguswa, mahali pasipo na watu. Nilikwenda huko mwishoni mwa kiangazi, nikifikia Kasokola, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda. Nilichokiona hakifanani na maneno hayo.

Lango la Sitalike liko kilometa 35 hivi kutoka Mpanda mjini, na huna haja hata ya kuingia ndani ili uwaone viboko. Wamejaa kwenye Mto Katuma, ubavuni mwa kijiji. Wakati wa kiangazi mto unapokauka, mamia yao hubanana kwenye dimbwi moja la tope, madume yakiraruana kwa meno, huku mamba wakijificha kwenye mashimo ya kingo za mto wakisubiri mvua. Nilikaa pale karibu saa nzima. Harufu yake ni kali, lakini huwezi kuondoka.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani, ili waende bara kuonyesha kwamba tembo wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Aliyewaongoza ni Frederick Carter. Ni tembo mmoja tu aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, naye akafa muda mfupi baadaye. Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 huko Mpimbwe, jirani kabisa na hifadhi ya leo, katika vita vya Mirambo. Hebu fikiria: misafara, bunduki, pembe za ndovu, watawala waliogombea njia. Hapa palikuwa na watu, tena wenye siasa zao.

Walikwenda wapi? Hakuna jibu moja. Vita na biashara ya watumwa viliwatawanya wengi. Wajerumani walianza kulihifadhi eneo hili mwaka 1911. Waingereza nao, wakipambana na malale katika magharibi ya Tanganyika, walihamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Mashamba yakageuka vichaka, vichaka vikawa makao ya mbung'o, na wanyama wakapata nafasi. Kwa maneno mengine, sehemu ya hilo “pori asilia” ni mahame.

Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1974, ikiwa na kilometa za mraba 2,250 hivi. Huo ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, Serikali ikiwahamishia wananchi kwenye vijiji vya ujamaa nchi nzima. Mwaka 1998 hifadhi ikapanuliwa hadi karibu kilometa za mraba 4,471. Kwa hiyo kuhamishwa si habari ngeni kwa watu wa huku. Hata Katumba, upande wa pili wa Mpanda, ilianzishwa miaka hiyohiyo ya 1970 kuwapokea wakimbizi wa Burundi.

Simwambii mtu kwamba hifadhi ivunjwe. Nisingependa wajukuu zetu wawaone viboko kwenye picha tu. Ninachosema ni kwamba tukiisahau historia hii, tutalihukumu vibaya tatizo la leo, nalo ni maji. Katuma hupita kwanza kwa wakulima kabla ya kufika kwa viboko. Mwamkulu na Kakese, kata jirani za Mpanda, zinalima mpunga, na mpunga unakunywa. Maji yanayobaki mashambani hayafiki kwenye dimbwi la Sitalike wala Ziwa Katavi. Ni rahisi kumwita mkulima huyo mvamizi. Lakini yeye yuko pale alipopangiwa, na mpunga wake ndio tunaokula mjini.

Mazungumzo ya maji yatakwenda vizuri zaidi kama yataanza kwa kukubali kwamba pande zote mbili zina haki ya zamani kwenye mto huu. Ukienda Katavi, nenda kati ya Agosti na Oktoba, uwaone viboko. Halafu mwombe anayekuongoza akuonyeshe ule mkwaju, na muulize ni watu wa vijiji gani ambao bado wanakuja kusali hapo.