Wino wa Zingefuri na Shajara ya Nyangwe

Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Nyangwe kandokando ya mto Lualaba, aliishiwa na karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, kwa wino wa mbegu ambazo Wamanyema walitilia nguo rangi. Jina la mmea alilisikia kwa Waarabu, akaliandika kwa upotovu kidogo. Mwanaleksikografia hatashindwa kuitambua zingefuri yetu.

Wino huo ulififia hata usisomeke. Mwaka 2010 wataalamu walizimulika kurasa kwa taa za rangi mbalimbali, moja baada ya nyingine, kamera ikipiga picha kila mara. Katika mwanga wa buluu zingefuri hukolea. Katika infraredi hutoweka, zikabaki herufi za gazeti. Kompyuta ikatenganisha tabaka hizo. Mwanga wa kulalia ubavuni, nao, hudhihirisha mikunjo ya karatasi.

Kilichofufuka ni ushahidi wa mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, kama ulivyoandikwa papo hapo. Haulingani kikamilifu na kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874, ambacho wanahistoria wa misafara ya Waswahili walikitegemea kwa zaidi ya karne nzima.