Bango la Chungwa na Jani la Sale

Lori la mafuta linalofuata utaratibu wa Umoja wa Mataifa hubeba bango la rangi ya chungwa lenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Kwa petroli, juu huandikwa 33 na chini 1203. Namba ya chini hutaja bidhaa yenyewe popote duniani: 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba ya juu hutaja tabia yake. Tatu ni kimiminika kinachowaka, na tatu ikirudiwa maana yake kinawaka upesi mno. Malori ya mafuta hupita Usa River, Tengeru, Kisongo na Ngaramtoni kila siku, mengine yakiishia kwenye sheli za jijini Arusha, mengine yakielekea Namanga au Babati. Kwenye vijiwe vya bodaboda vilivyo kando ya barabara hizo sijakutana na kijana aliyewahi kuelezwa maana ya namba hizo. Wala simlaumu. Hakuna aliyemfuata kumwambia.

Mafunzo ya kusafirisha mizigo hatarishi yana mapokeo zaidi ya moja, na kila pokeo lina mwanafunzi wake. Ukitaka kulijua pokeo vizuri, tazama nani linamkalisha darasani na nani linamwacha nje.

Pokeo la Ulaya linamkalisha dereva. Mkataba wa ADR, wa kusafirisha mizigo hatarishi kwa barabara, ulitiwa saini Geneva tarehe 30 Septemba 1957 na kuanza kutumika Januari 1968. Chini ya mkataba huo dereva husoma, hufanya mtihani na kupewa cheti cha miaka 5. Akitaka kuvuta tangi, anaongeza somo la tangi. Akitaka kubeba vilipuzi au vitu vyenye mionzi, anaongeza masomo mengine. Ndani ya gari lazima awe na maelekezo ya dharura kwa lugha anayoweza kuisoma. Ni pokeo lenye nidhamu, na limefunzwa na misiba. Tarehe 11 Julai 1978, lori la gesi lililojazwa kupita kiasi, zaidi ya tani 23 kwenye tangi ambalo halikupaswa kufika tani 20, lililipuka kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques, Hispania. Watu zaidi ya 200 walikufa wakiwa mapumzikoni ufukweni. Hispania ikaweka sheria za kuyazuia malori ya aina hiyo kukatiza kwenye makazi ya watu. Baipasi inayozunguka kusini mwa Arusha kutoka Usa River inatoa nafasi ya kufanya vivyo hivyo, ili mradi makazi yasiendelee kuifuata barabara hadi ukingoni.

Uingereza iliongeza jambo ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote. Bango lake halitaji bidhaa tu, linatoa amri. Kwa petroli huandikwa 3YE. Tatu inamwambia zimamoto atumie povu. Y inamwambia avae kifaa cha kupumulia kama kuna moto, na azuie mafuta yasitiririke mitaroni. E inamwambia afikirie kuwaondoa watu. Herufi moja, na ndani yake yumo jirani. Lakini hata hapo anayesomeshwa ni zimamoto, na jirani anasubiri kuondolewa.

Marekani nayo imeweka maarifa kwenye kitabu kidogo cha mwongozo ambacho wazimamoto na polisi hukaa nacho garini. Ukurasa wa petroli unasema hivi: ikimwagika, tenga mita 50 pande zote, tangi likishika moto, tenga mita 800 pande zote. Hebu chora duara la mita 800 kwenye soko la Ngaramtoni siku ya gulio, lori likiwa katikati. Utawakuta ndani yake wauza nguo za mitumba, mama lishe, abiria wa Hiace, punda waliofungwa kando wakisubiri mizigo ya kurudi nayo kijijini, na pengine shule. Duara hilo haliwezi kutengwa na polisi wawili wa usalama barabarani. Litatengwa na watu walio ndani yake, au halitatengwa kabisa.

Tanzania tumefuata njia ya Ulaya, na si kwa kubahatisha. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, nayo huwafundisha madereva wanaozisafirisha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inasimamia mafuta. Arusha ina bahati ya pekee katika jambo hili. Njiro wapo wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki, wanaojua namna chanzo cha mionzi kinavyofungashwa kabla hakijapanda gari. Ngaramtoni ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi mwaka 2020 kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Miji mingi mikubwa kuliko huu haina elimu ya namna hiyo ndani ya mipaka yake.

Na mafunzo hayo yanaonekana kwa macho. Tazama lori likishusha petroli kwenye sheli iliyosimamiwa vizuri. Dereva anaegesha pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, kwa sababu kukitokea jambo hapatakuwa na muda wa kurudi nyuma. Mtungi wa kuzimia moto unashushwa na kusimamishwa chini. Kabla mpira haujaguswa, utingo anavuta waya wa ethi na kuubana kwenye chuma tupu, mahali pasipo rangi. Mafuta yakipita kwenye mpira hujikusanyia umeme, na cheche yake moja isiyoonekana inatosha kuwasha mvuke. Ndipo sili zinakaguliwa, mpira unafungwa, vali inafunguliwa. Ukiona waya umetangulia mpira, huyo mtu kafundishwa.

Utingo naye ana shule yake, ya zamani kuliko cheti chochote: kukaa miaka kando ya dereva mzee, akimwita mzee naye akiitwa dogo. Pale ndipo anapojifunza kusikiliza breki, kushuka mteremko kwa gia nzito, na kutoweka nyutro hata mafuta yakiwa haba kiasi gani. Shule hii inadharauliwa kwa kuwa haina karatasi, na mimi naona ni kosa. Tarehe 24 Februari 2024, hapa hapa Ngaramtoni, lori lililoripotiwa kufeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Halikuwa lori la petroli. Lingekuwa la petroli, na lita zake 35,000, tungekuwa tunazungumza juu ya mtaa mzima.

Sasa twende kwenye misiba yenyewe, maana hapo ndipo mapokeo yote haya yanapopwaya. Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009: walikufa zaidi ya 110. Sange, mashariki mwa Kongo, tarehe 2 Julai 2010: zaidi ya 230, wengine wakiwa ndani ya ukumbi wakitazama Kombe la Dunia. Ahmedpur East, Pakistan, tarehe 25 Juni 2017, kesho yake ikiwa Idi: zaidi ya 200. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: zaidi ya 100. Majiya, Nigeria, Oktoba 2024: zaidi ya 150, ilhali Nigeria ilikuwa imekwisha kujiunga na ADR mwaka 2018. Katika misiba hii yote tangi lilipinduka, mafuta yakamwagika, watu wakaja na madumu na ndoo, na waliokufa kwa wingi hawakuwa madereva. Cheti cha dereva, hata kikiwa kizuri vipi, kinakoma pale lori linapolala ubavu. Kuanzia dakika hiyo mwenye hatima mkononi ni mwanakijiji wa kwanza kufika.

Husemwa kuwa watu hao waliponzwa na tamaa, na waliosema hivyo baada ya Morogoro hawakuwa wachache. Sikubaliani nao. Umaskini umo, ndiyo, ila kuna jambo jingine ambalo halisemwi: watu hao walikuwa na elimu ya mafuta, na elimu hiyo ndiyo iliyowaua. Nyumba zetu nyingi zimelelewa na kibatari. Mtoto anayajua mafuta ya taa tangu akiwa mdogo, anajua yakimwagika sakafuni hayashiki moto hivi hivi, anajua yanataka utambi. Na kwa mafuta ya taa ni kweli, kwani mvuke wake hautoshi kuwaka mpaka yafike joto la nyuzi 38 au zaidi, na asubuhi ya Julai chini ya Mlima Meru haifiki hata nusu yake. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupai. Unatambaa chini, unajaa mtaroni, unafika kwenye jiko la mama lishe aliye mbali ambaye hata lori hajaliona. Anayechota haoni chochote ila kimiminika kilichotulia. Robo saa nzima inapita bila madhara, na kila dakika inayopita inamthibitishia kwamba alikuwa sahihi.

Pokeo la wenyeji wa mkoa huu linaonyesha njia nyingine. Wahadzabe wa Mang'ola hupaka mishale sumu ya mimea. Hutokoswa mpaka iwe nzito na nyeusi kama lami, na ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Huo ni mzigo hatarishi, na unasafirishwa kila siku begani, katikati ya watoto. Tazama ulivyofungashwa: sehemu yenye sumu imezungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, unaozuia sumu isikauke na vilevile unazuia mwenye mshale asijichome. Ngozi hiyo ndiyo bango lake. Mtoto akiiona anajua ule si mshale wa kuchezea, na hakuna mtu anayehitaji cheti ili ajue, kwa sababu elimu ile ni ya kambi nzima.

Wameru na Wachaga wana sale, mmea unaopandwa mpakani na kutumika katika kuomba suluhu. Aliyelelewa mlimani akilikuta sale halivuki kwa ubishi. Na barabarani kuna ishara yetu sote: matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami. Sheria inadai pembetatu ya kuakisi mwanga, na ni sawa idai, lakini kuanzia Tanga hadi Kampala dereva akiona matawi anapunguza mwendo kabla hajajua kuna nini. Hakuna chuo kilichofundisha ishara hiyo. Imefundishwa na kila mtu kwa kila mtu, nayo inatimiza lengo lilelile la bango la chungwa kwa ufanisi ambao bango hilo halijaufikia kwetu.

Lakini sitaki kuyapamba mapokeo haya kupita kiasi. Yanajua sumu ya mishale kwa sababu yameishi nayo vizazi na vizazi, na kitu kipya kikija yanapigwa chenga. Viuatilifu ni ushahidi. Vinaingia mkoani kwenye gari lenye nyaraka, vikiwa na chupa zenye utepe wa rangi, nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, buluu na kijani. Vikishafika dukani, mkulima wa nyanya asiye na pesa ya chupa nzima anapimiwa kidogo kwenye chupa ya soda, anaiweka mfukoni mwa koti na kupanda bodaboda kurudi Ngarenanyuki. Utepe umebaki dukani. Mtoto atakayeikuta chupa hiyo dirishani anaona soda. Hapo pokeo la karatasi limekatikia dukani, na pokeo la kijiji halijawahi kuanza, kwa sababu hakuna ngozi iliyozungushiwa chupa ile.

Kwa hiyo kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Mkemia wa Serikali anajua mvuke unakwenda wapi. Kijiji kinajua jinsi ya kumfanya kila mtu ajue. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyeandika mwaka 1963 kuhusu namna Waarusha wa Mlima Meru wanavyoendesha mambo yao, alionyesha nguvu ya engigwana, kikao cha hadhara ambapo laigwanani, yaani viongozi wa marika, na marika yenyewe huzungumza mpaka neno likubaliwe na wote. Wameru wana washili, viongozi wa koo zao. Neno lililopita kwenye vikao hivyo humfikia kijana aliye malishoni na mzee asiyejua kusoma, na linakuwa na adhabu ya kijamii nyuma yake. Kipaza sauti cha halmashauri hakiwezi kufanya hivyo.

Ningependa kuona mkufunzi wa madereva, yuleyule mwenye vitabu vya darasani, akiketi kwenye kikao cha namna hiyo Kisongo na Usa River, na kwenye vijiwe vya bodaboda, maana bodaboda ndiye afikaye kwanza na Msamvu nao walikuwamo miongoni mwa waliokufa. Aje na kijiko kimoja cha petroli na kimoja cha mafuta ya taa kwenye visahani viwili vya bati, uwanjani, watu wakiwa mbali, na kiberiti kwenye ncha ya fimbo ndefu. Waone wenyewe kipi kinawaka kabla njiti haijagusa. Kisha wakubaliane jambo moja: lori la mafuta likianguka, wa kwanza kufika azime pikipiki yake mbali, akae upande upepo unakotoka, na matawi yatupwe mita 800 kila upande, yakiwa na maana mpya kwamba hapa hapavukwi hata na mwenye dumu. Ishara ipo tayari. Kinachotakiwa ni kuiongezea maana, na kikao kina mamlaka hiyo kuliko wizara.

Kubwa linalobaki ni gharama. Mkufunzi ana nauli na posho, na vijiji vilivyo kando ya barabara za malori ni vingi. Kampuni inayosafirisha mafuta hulipia mafunzo ya dereva wake kwa sababu bila hayo haipati kibali. Kibali hicho hicho kingeweza kudai kwamba kila mwaka kampuni igharimie vikao kadhaa kwenye vijiji ambavyo malori yake hupita, na mwenyekiti wa kijiji au mtaa asaini kwamba kikao kilifanyika na visahani viwili viliwashwa mbele ya watu wake.