Yanayoingia yalipata mlinzi, yanayotoka je?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu maji yalitanda Ziwa Victoria, kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi, hadi vivuko vikapata taabu kupita. Juni mwaka huo daraja likafunguliwa na adha ya kivuko ikaisha. Magugu yenyewe hayakuisha. Yanakula naitrojeni na fosforasi, na sehemu ya chakula hicho tunakimwaga wenyewe.

Wajerumani walianzisha Mwanza mwaka 1892 katikati ya mawe. Mawe hayo ndiyo fahari yetu, na ndiyo taabu yetu: mwambani choo cha shimo hakichimbiki, na gari la kunyonya majitaka halipandi vilima vya Igogo wala Mabatini. Mvua ikinyesha, uchafu hushuka Mto Mirongo hadi ziwani. Mabomba ya mjini hupeleka majitaka kwenye mabwawa ya Ilemela, ambako majitaka husafishwa na jua na bakteria. Miaka ya karibuni mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, imepandisha mabomba membamba vilimani, kazi inayostahili pongezi.

Lakini aliyetufundisha kuyaogopa maji machafu ni mnunuzi wa sangara. Januari 1998, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Mzozo ukazuka. FAO na WHO walisema hatari ya kipindupindu kusafiri na chakula cha biashara ni ndogo, na zuio halikuwa dawa. Minofu ilikaa bila soko hilo hadi mwisho wa Juni. Aprili 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu. Viwanda vilijifunza haraka: maji ya kuoshea minofu yakatiwa klorini na kupimwa, na maabara ya kupima samaki ya Nyegezi ikawa jina la kutegemewa. Maji yanayoingia kiwandani yakapata mlinzi. Yanayotoka, yenye damu na mafuta ya samaki, hayakuwa na mnunuzi wa kuyaulizia.

Ipo njia inayoyafaa: umeme. Sahani za metali hutumbukizwa ndani ya majitaka, umeme hupitishwa, na uchafu huungua pasipo moto. Chumvi iliyomo hugeuka klorini na kuua vijidudu. Si jambo geni. Mwaka 1894 mji wa Worthing, Uingereza, ulijaribu mtambo wa Mfaransa Eugène Hermite, aliyepitisha umeme katika maji ya bahari ili kusafishia majitaka. Sahani imara za titani zilikuja miaka ya 1960, na zilizopakwa almasi miaka ya 1990.

Njia hii huvunja hata rangi za viwanda vya nguo zinazoyashinda mabwawa. Ina gharama ya umeme, na isiposimamiwa huacha mabaki ya klorini yenye madhara. Fosforasi nayo haiungui. Hiyo hutaka sahani za chuma au alumini ziigandishe, ishuke kama tope. Kiwanda kimoja cha minofu kikianza na mtambo mdogo, tutajua kama bei yake inabebeka hapa.

Kanuni za mwaka 2007 zinataka BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu huhitaji ili uoze, ya majitaka yanayomwagwa isizidi miligramu 30 kwa lita. Baraza la mazingira, NEMC, na viwanda vyetu, bandikeni vipimo hivyo hadharani kila mwezi, wavuvi wa soko la Mwaloni wavisome.