Cha Haki na cha Bure: Hongo, Uporaji na Ukarimu katika Njia ya Ujiji, 1858–1871

Utangulizi

Kivumishi cha Kiingereza “gratuitous” kina maana mbili zinazoelekea kupingana: kilichotolewa kwa hiari pasipo malipo, na kilichotendwa pasipo sababu wala haki. Neno la Kiswahili “bure” hubeba maana hizohizo. Mtu hupewa chakula bure, na mtu hupigwa bure. Katika hali zote mbili kinachokosekana ni deni: aliyepewa hakuwa anadai, na aliyepigwa hakuwa na kosa la kulipia. Makala haya yanautumia uwili huo kuchunguza mahusiano ya misafara na wenyeji katika njia ya kuelekea Ujiji, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, katikati ya karne ya 19. Hoja yake kuu ni kwamba wasafiri wa Ulaya waliyaandika kama madai yasiyo na haki malipo ambayo kwa wenyeji yalikuwa haki iliyo wazi. Ni lazima, kwa hiyo, kuuliza kila mara ni nani aliyelitambua deni na ni nani aliyelikana.

Hongo kama haki ya mwenye nchi

Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Ujiji mwezi Februari 1858. Kabla ya kufika, walilipa ili kuvushwa Mto Malagarasi, katika nchi ya Uvinza iliyosifika kwa chumvi yake. Walipofika Kawele, katika eneo la Ujiji, walilazimika kupatana na mtawala wa hapo, Kannena, na ni kwa mitumbwi yake walikosafiria hadi Uvira, upande wa kaskazini wa ziwa. Burton aliyalalamikia sana madai ya Kannena. Hata hivyo, maelezo yake mwenyewe yanaonyesha kilichonunuliwa kwa malipo hayo: njia, kivuko, chakula, wapiga makasia na usalama wa mgeni asiye na ndugu katika nchi ile. Mara nyingi mtawala naye alimrudishia mgeni mbuzi au nafaka. Hongo, basi, ilikuwa ushuru na salamu kwa wakati mmoja.

Mfano wa Henry Morton Stanley una uzito zaidi. Mwaka 1871, alipokuwa akipita Uha, mtware wa Kimenyi aliyeitwa Mionvu alimdai doti 100 za nguo. Baada ya majadiliano marefu Stanley alilipa doti 75. Alipodaiwa tena mbele ya safari, na kuelezwa kwamba watawala wengine walikuwa wakimsubiri, aliajiri kiongozi wa njia na kuupitisha msafara wake porini usiku, kimya kimya. Katika kitabu chake tukio hilo limesimuliwa kama ushujaa wa kuwakwepa wanyang’anyi. Kwa Waha, mtu aliyepita usiku katika nchi ya wenyewe ili asilipe ushuru alikuwa ndiye mnyang’anyi. Tukio ni moja. Kinachotofautiana ni utambuzi wa deni.

Kilichotendwa bure

Wakati huohuo, magharibi ya ziwa, yalitokea mambo ambayo hayakuwa na deni lolote la kuyatetea. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Mto Lualaba, David Livingstone aliwashuhudia watu watatu wa msafara wa Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki. Mmoja wao alibishania bei ya kuku, akamkamata. Muda mfupi baadaye risasi zilianza kufyatuliwa katikati ya umati ambao wengi wao walikuwa wanawake. Makadirio ya wafanyabiashara wenyewe, aliyoyanukuu Livingstone, yalikuwa ya watu 330 hadi 400 waliouawa kwa risasi au kuzama mtoni. Waliouawa hawakuwa wamekataza njia wala kudai ushuru. Walikuwa wamekuja kuuza.

Livingstone alirudi Ujiji mwishoni mwa Oktoba 1871, kwa hesabu ya shajara yake, akitarajia kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Sharifu aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa ameiuza yote, akidai kwamba alipiga bao kwa Kurani na kuoneshwa kuwa mwenyewe amekwisha kufa. Kati ya yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga, hakikubaki kitu. Ulinganisho unafaa hapa. Doti ilikuwa na yadi nne. Kwa hiyo doti 75 za Mionvu zilikuwa yadi 300, yaani sehemu ya kumi tu ya nguo zilizopotea Ujiji mikononi mwa mtu aliyeaminiwa.

Kilichotolewa bure

Katika mji huohuo ilijitokeza pia maana ya pili ya neno. Shajara ya Livingstone inaeleza kwamba Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, alimwendea faraghani na kumwomba akubali: yeye hakuwa na bidhaa, lakini alikuwa na pembe za ndovu, angeuza baadhi na kumpa mapato. Mwaka huo vita dhidi ya Mirambo vilikuwa vimevuruga njia ya Unyanyembe, na mwanawe Said, Soud, aliuawa katika vita hivyo. Livingstone alishukuru, akaomba kusubiri. Siku chache baadaye Stanley akafika. Inawezekana kuitafsiri hiba hiyo kama mkopo wa kujenga jina jema. Lakini Livingstone wakati huo hakuwa na mali wala msafara wa kumtisha mtu. Hakukuwa na deni lililomlazimisha Said.

Hitimisho

Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji, na amri ya mwaka 1897 ikaleta kodi ya kibanda. Dola iliyokataa haki ya watware kutoza wapitao ikajipa haki ya kuwatoza wakaao. Katika Kiswahili cha leo “hongo” ni rushwa, na maana ya ushuru wa njia imefifia. Mtafiti anayesoma maandishi ya karne ya 19 kwa maana hii mpya humhukumu Mionvu kabla ya kumsikiliza. Msamiati wenyewe umekuwa shahidi wa upande mmoja. Kazi ya mwanahistoria ni kurudisha swali la deni mahali pake: ushuru wa Uha ulikuwa na msingi, hata kama ulikuwa mzito, damu ya Nyangwe haikuwa nao, na pembe za Said bin Majid hazikuuhitaji.