UZI: Baiskeli ikigongwa, nani analipa? Sheria ya 1945 tunayobishania bila kuisoma

1. Kila msimu wa kampeni, mjadala wa barabara hurudi. Upande mmoja unasema mawakili na madai ya uongo ndio wanaua kampuni za bima. Upande wa pili unasema bima ni matapeli, wanachukua pesa na hawalipi. Mimi ni mtu wa Fort Ternan, na leo nataka niongee juu ya mtu ambaye hao wote humsahau: mwenye baiskeli. Kaa hapa, uzi ni mrefu kidogo.

2. Kwa wasiojua, Fort Ternan iko Kaunti ya Kericho, pale milima ya majani chai inaposhuka kuelekea mashamba ya miwa ya Koru na Muhoroni. Reli ilipita hapa ikienda Kisumu, ikafika huko mwaka wa 1901. Ukitaja Fort Ternan kwa mtu wa Nairobi, atakumbuka kitu kimoja tu: tarehe 10 Oktoba 2018, basi la usiku kutoka Nairobi likielekea Kakamega liliacha barabara, paa likang'oka, watu zaidi ya 50 wakafa.

3. Siku ile kamera zilikuja. Viongozi walikuja, rambirambi zikasomwa, amri zikatolewa. Juni 2023 ikawa hivyo tena pale Londiani Junction, lori lilipowavamia watu kando ya barabara, tena zaidi ya 50 wakafa. Sina neno na rambirambi. Neno langu ni hili: anayegongwa peke yake na baiskeli yake saa moja jioni haletewi kamera. Yeye ana sheria tu, na hiyo sheria hajawahi kuambiwa iko.

4. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Miaka ya tisini alikuwa anashusha maziwa kwa baiskeli, mitungi miwili nyuma. Pikapu ikamgonga kwenye kona, mguu ukavunjika mara mbili. Dereva hakutoroka, na kumbe hapo ndipo shida ilianzia. Alimpeleka zahanati, akaleta sukari na unga nyumbani, akaomba "tuelewane kama majirani". Karatasi ikaandikwa kwamba wamesameheana. Elfu kumi ikatolewa.

5. Mguu haukupona sawasawa. Ukawa mfupi kuliko mwenzake, kazi ya maziwa ikaisha, mashamba ya chai yakamkataa kwa sababu hawezi kusimama kutwa nzima. Miaka minne baadaye tukachanga, akaenda Kericho kwa wakili. Wakili akauliza swali moja, "Ajali ilikuwa lini?" Akaambiwa. Akaweka kalamu chini.

6. Sasa turudi nyuma. Hii sheria ilitoka wapi?

Uingereza, mwaka wa 1930. Kabla ya hapo, aliyegongwa na gari angeweza kushinda kesi halafu akose mtu wa kumlipa, kwa sababu dereva hana kitu. Bunge lao likasema: gari lolote likiwa barabarani lazima liwe na bima ya kumlipa mtu wa tatu, yaani yule wa nje, ambaye hakuwa kwenye mkataba kati ya mwenye gari na kampuni ya bima.

7. Kenya ilichukua wazo hilo mwaka wa 1945. Ndiyo hiyo Sura ya 405 ya sheria zetu mpaka leo. Fikiria nani alikuwa anaendesha gari Kenya mwaka huo, na nani alikuwa kando ya barabara kwa miguu na baiskeli. Mwafrika wa kwanza alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka mmoja tu kabla, 1944. Kwa hivyo ni sheria ambayo ilitungwa na wenye magari, lakini kwa maandishi ilimlinda asiye na gari. Mwenye baiskeli ni mtu wa tatu kamili. Si hisani ya dereva. Ni haki yake tangu 1945.

8. Lakini wakati tunachukua sheria, kuna kipande tuliacha. Mwaka wa 1946 Waingereza waliona shimo: je, dereva akigonga na kutoroka? Je, kama gari halina bima kabisa? Wakaunda shirika linalochangiwa na kampuni za bima zenyewe, kulipa watu kama hao. Sisi hatukuunda. Miaka karibu 80 baadaye, ukigongwa Kenya na gari lisilojulikana namba, hakuna mfuko wa kukulipa. Unabaki na familia yako na harambee.

9. Sasa sikiza vizuri, hii sehemu ni ya kuhifadhi. Leo mwenye baiskeli akigongwa, ana njia zipi?

10. Njia ya kwanza: kesi ya madai dhidi ya dereva NA mwenye gari. Wote wawili. Kama dereva alikuwa kazini, mwajiri wake anabeba mzigo pamoja naye. Watu wengi hushtaki dereva pekee, mtu ambaye hana hata kuku. Mwenye gari anajulikana kwa rekodi ya usajili kule NTSA. Mahakama ya Rufani iliyoketi Kisumu ilisema mwaka wa 2013 kwamba hata abstrakti ya polisi inaweza kutosha kuonyesha mwenye gari, kama upande wa pili haukuipinga. Lakini usibahatishe, tafuta rekodi.

11. Hapa watu huchanganya: kesi ya trafiki si kesi yako. Ile ni ya serikali dhidi ya dereva. Akipigwa faini, hizo pesa zinaenda serikalini, wewe hupati hata ndururu. Lakini inakusaidia: dereva akishapatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, hawezi kuja kwenye kesi yako kusema hakukosa. Anachoweza kusema ni kwamba na wewe pia ulichangia.

12. Njia ya pili: kampuni ya bima. Huishtaki moja kwa moja mwanzoni. Unashtaki dereva na mwenye gari, ukishinda, kampuni inalazimika kulipa. Lakini sheria inataka kampuni ipewe notisi ya kesi kabla haijaanza, au ndani ya siku 14 baada ya kuanza. Notisi ikikosekana, kampuni ina mlango wa kutokea. Nayo pia imefungwa: ikitaka kuikana ile bima kwa sababu mteja wake aliidanganya, lazima iende mahakamani mapema, kabla ya kesi yako au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza. Haiwezi kungoja ushinde ndio ikumbuke.

13. Ndio maana stika ya bima kwenye kioo ni muhimu kuliko sura ya dereva. Piga picha ya stika na namba ya gari. Kama uko chini huwezi, aliye karibu apige. Huyo msamaria mwema wa simu anaweza kuwa na thamani kuliko wakili.

14. Kuna kofia juu ya hizo pesa. Tangu marekebisho ya 2006, bima hulipa mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikikupa zaidi, kilichobaki unamdai mwenye gari mwenyewe. Mwaka wa 2013 Bunge lilijaribu kwenda mbele zaidi, kuweka jedwali la kulipa kulingana na aina ya jeraha. Mawakili wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ikatupa sehemu za mpango huo. Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani anasema "tutaweka viwango vya fidia", jua si wazo jipya. Muulize: utavishushaje bila kumnyang'anya aliyekatwa mguu?

15. Njia ya tatu: kama ulikuwa kazini. Tarishi wa shamba la chai ametumwa na baiskeli akagongwa njiani? Kuna sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, na Mahakama ya Juu iliithibitisha 2019. Hapo dai linapelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, ndani ya miezi 12. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba uliumia ukifanya kazi yake.

16. Njia ya nne, Mungu atuepushe: akifa. Mke, mume, watoto na wazazi wana dai lao kama waliomtegemea, na mali ya marehemu nayo ina dai lake. Ni sheria mbili tofauti, na mahakama huangalia kwamba familia isilipwe mara mbili kwa hasara ile ile.

17. Na kuna mahakama ya madai madogo, ile ya sheria ya 2016, inayosikiza madai yasiyozidi milioni 1 na inatakiwa imalize ndani ya siku 60. Sheria yake inataja fidia ya majeraha, lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama kesi za ajali zinafaa kwenda huko. Uliza kwanza, usije ukashinda halafu ushindi ufutwe kwa rufaa.

18. Sasa saa. Hapa ndipo baba mdogo alipopotelea.

Kesi ya kawaida ya ajali: miaka 3 tangu siku ya ajali.
Gari la serikali: miezi 12.
Dai la kazini: miezi 12.

Kuna kidirisha kidogo cha kuomba muda zaidi kama kuna jambo kubwa la ukweli ambalo hukulijua. "Sikujua sheria" halimo. Na ile karatasi ya kusameheana? Ukiitia sahihi, jua itasomwa mbele ya hakimu. Mtu akikuletea unga, pokea, sema asante. Karatasi iache mezani.

19. "Lakini hao wa baiskeli pia wana makosa!" Najua mtakuja na hii. Ndiyo, wakati mwingine wanayo. Sheria yetu tayari ina jibu: lawama inagawanywa. Chukua mfano. Hakimu aone majeraha yako yanastahili 800,000. Halafu aone ulikuwa bila taa gizani, akuwekee asilimia 30. Unapata 560,000. Na pale ushahidi haueleweki nani alimkosea nani, Mahakama ya Rufani ilisema 2006, katika kesi ya magari mawili yaliyogongana, kwamba lawama igawanywe nusu kwa nusu. Kukosa taa hakufuti haki yako. Kunaipunguza.

20. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi. Huko, gari likimgonga mwenye baiskeli mtu mzima, mwenye gari analipa angalau nusu ya hasara, isipokuwa aonyeshe kwamba ajali haikuepukika kabisa kwa upande wake. Mtoto wa chini ya miaka 14 analipwa yote. Hoja yao ni rahisi: anayeleta tani moja ya chuma barabarani ndiye anayeleta hatari. Sisemi tunakili. Nasema kuna nchi ambako baiskeli ni ya waziri na ya karani, na sheria yao inafanana na hilo.

21. Kwetu baiskeli ni ya nani? Ni ya mwenye maziwa, wa makaa, wa mkate, mtoto wa shule. Nyuma huko Busia, baiskeli ndizo zilizozaa neno boda boda, zikivusha watu mpakani kabla pikipiki hazijafurika. Wengi tulisomeshwa na baiskeli. Halafu tunajenga barabara bila hata futi mbili za kando ya kumpisha.

22. Kuhusu madai ya uongo: yapo. Kuna watu wamelipwa kwa ajali ambazo hawakupanda. Hilo ni jinai, washikwe. Lakini ukiniambia dawa ni kumpunguzia haki aliyeumia kweli, unamwadhibu baba mdogo kwa wizi wa mtu ambaye hawajawahi kuonana.

23. Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na habari ya ajali, wa upande wowote, mwulizeni maswali matatu. Moja: ule mfuko wa waliogongwa na magari yaliyotoroka, tangu 1946, uko wapi? Mbili: kwa nini anayelazwa haambiwi na mtu yeyote kwamba saa ya miaka 3 imeanza kuhesabu? Tatu: ile milioni 3 ya 2006 inanunua nini leo?

24. Na wewe uliyefika hapa, ukigongwa au ukimwona aliyegongwa: picha ya gari na stika. Ripoti polisi siku hiyo, chukua namba ya OB. Abstrakti. Fomu ya P3. Kila risiti ya hospitali na dawa, hata ya panadol, kwa sababu gharama usiyo na risiti yake mahakama haikurudishii. Majina ya mashahidi wawili. Wakili mapema, ukishatoka hospitali tu.

25. Baba mdogo bado yuko. Baiskeli ile iko nyuma ya jikoni, kuku hulalia. Nilipomsomea huu uzi kabla sijauweka, aliniuliza kitu kimoja tu: "Hiyo ya miaka mitatu, wakati ule ilikuwa imeandikwa wapi?"

Ilikuwa imeandikwa. Hakuna aliyetusomea. Mpelekee mtu mmoja mwenye baiskeli.